Hewa Tajiri ya Bi Siwatu

Iko nchi moja, msiniulize iko upande gani wa dunia, maana ramani yake imefungiwa kabatini kwa katibu mkuu, na katibu mkuu ameenda likizo na ufunguo. Ninachokijua ni kwamba hewa ya nchi hiyo ni safi. Si maneno yangu, ni sheria. Bunge lilikaa asubuhi moja na kabla ya chai waheshimiwa wote mia mbili na kumi na mmoja walikuwa wameafiki kwamba kuanzia siku hiyo hewa yote iliyomo ndani ya mipaka, ya barabarani na ya vyumbani, ya mlimani na ya chooni, ni safi. Mbunge mmoja alikohoa wakati wa kupiga kura. Alitakiwa aombe radhi, akaomba.

Katika nchi hiyo aliishi Bi Siwatu Mapande, mkunga mstaafu, mwanamke mfupi mwenye viganja vipana na sauti ya kuamsha wadi nzima. Miaka arobaini alipokea watoto katika hospitali ya wilaya, na hadi leo akisikia mtoto analia mtaa wa tatu huweza kukwambia kama ni njaa, ni tumbo au ni deko tu. Binti yake wa pekee, Mwajabu, alikuwa na mimba ya kwanza. Yeye na mumewe walikubaliana kwamba atakuja kujifungulia kwa mama yake na kukaa huko siku zake arobaini. Bi Siwatu alipopata habari hizo alifurahi mpaka akaanza kuiona nyumba yake kwa macho mengine. Dari ya sebule ilikuwa imejipinda. Chumba cha wageni kilikuwa na rangi ya enzi za serikali iliyopita, na serikali iliyopita nayo ilikuwa imeikuta.

Akamwita Fundi Kombo.

Fundi Kombo alitoa dari yote, akaweka mbao mpya za kubandikwa kwa gundi. Akatengeneza kabati la nguo za mtoto, akalipaka vanishi mara tatu. Kisha akapaka kuta Rangi ya Fahari, rangi pekee iliyoruhusiwa nchini, kutoka kiwanda ambacho mmiliki wake hakuna aliyemjua, ingawa picha yake kwenye kopo ilifanana sana na ya waziri mmoja aliyevaa miwani ya jua.

Siku ya tatu, kazi ilipokwisha, Fundi Kombo alitoka chumbani akitabasamu. Akarudi tena ndani, akasimama mbele ya kabati, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mzee," akaliambia.

Akangoja. Kabati lilipokaa kimya, akamgeukia Bi Siwatu kwa masikitiko. "Watu wazima wa siku hizi, Bibi, hawaitikii salamu."

"Kombo, umekunywa?"

"Naapa sijatia kitu kinywani zaidi ya chai. Ni hii rangi. Ukikaa nayo sana inakuzoea."

Bi Siwatu akaingia mwenyewe. Machozi yakamtoka bila msiba. Koo likamkereketa. Mijusi wawili walioishi miaka mingi nyuma ya saa ya ukutani walikuwa wanavuka kizingiti wakielekea kwa jirani, mmoja nyuma ya mwenzake, bila kugeuka. Ila kilichomshtua hakikuwa mijusi. Chini ya ile harufu ya rangi na vanishi kulikuwa na harufu nyingine, kali na baridi, ambayo pua yake iliijua. Aliikuta kazini kila alipopita karibu na chumba cha maiti.

"Formalini," akasema. "Kombo, umeniwekea dawa ya kuhifadhia maiti kwenye chumba cha mtoto?"

Kombo alikuwa anapiga stori na kitasa cha mlango.

*

Kesho yake Bi Siwatu akaenda Wizara ya Hewa. Ni jengo kubwa la ghorofa tisa, na kila ghorofa inashughulikia aina yake ya pumzi. Chini kabisa, kwenye dirisha la Malalamiko na Pongezi, alikaa karani mwembamba mwenye mihuri sita mbele yake.

"Shikamoo, Mama. Pongezi au malalamiko?"

"Marahaba, baba. Nataka mje mpime hewa ya nyumba yangu. Nimefanya ukarabati, na binti yangu anakuja kujifungua baada ya wiki tatu."

"Malalamiko hayo," karani akasema kwa huzuni, akipuliza vumbi kwenye fomu. "Umekuja nayo?"

"Nimekuja na nini?"

"Hewa, Mama. Mtuhumiwa. Hatuwezi kusikiliza tuhuma za mtu ambaye hayupo. Si haki."

Bi Siwatu akaaga. Akarudi nyumbani. Asubuhi iliyofuata alionekana akikatiza mji akiwa amebeba mfuko mkubwa wa plastiki uliovimba kama mimba ya miezi tisa, shingo yake imefungwa utepe wa kanga. Watu walimpisha njia. Mzee mmoja alimuuliza kuna nini ndani, akajibiwa "chumba cha wageni".

Karani akachukua kalamu. "Jina la hewa?"

"Haina."

"Umri?"

"Siku tano."

"Uhusiano wako nayo?"

"Tunaishi pamoja kwa shida."

Karani aliandika yote hayo kwa hati nzuri. Kisha, kwa kuwa utaratibu unataka mtuhumiwa atambuliwe ana kwa ana, akafungua utepe, akaingiza pua yote mfukoni, akavuta.

Alipoinua uso, macho yake yalikuwa yanang'aa. Akagonga muhuri kwenye fomu. Akagonga wa pili kwenye meza, wa tatu kwenye kiganja chake, akakitazama akafurahi. Mkuu wa kitengo, aliyekuwa anapita na kikombe cha chai, akagongwa IMEPOKELEWA katikati ya upara.

Mkuu wa kitengo hakukasirika mbele ya raia. Alimkaribisha Bi Siwatu ofisini, akakaa chini ya picha ya waziri, muhuri ukiwa bado umemkaa kichwani.

"Mama," akasema, "unadai hewa yako si safi. Sheria inasema ni safi. Kwa hiyo, kati yako na hewa, mmoja anavunja sheria."

"Basi ikamateni hewa."

Mkuu akafikiri. Halikuwa jambo lililowahi kupendekezwa. "Tutaipima kwanza," akasema hatimaye, "ili tujue inajitetea vipi."

*

Mpimaji wa wizara alikuwa mmoja tu. Aliitwa Lukindo, mkemia, kijana wa miaka thelathini na kitu aliyezeeshwa na kukaa kimya. Ofisi yake ilikuwa chini ya ngazi, pamoja na mafagio. Alikuwa na mashine moja ndogo kama redio ya mkononi ambayo aliinunua wakati wizara ilikuwa bado haijaelewa inafanya nini, na tangu sheria ipite hakuwahi kuagizwa kuiwasha.

Alipofika kwa Bi Siwatu hakuhutubia. Alivua viatu mlangoni, akanusa, akatikisa kichwa.

"Bibi, leo funga madirisha yote na milango, ukae kwa jirani. Yakipita masaa manane nitakuja kupima. Tunataka tujue hewa inafikia wapi ikifungiwa, kama usiku watu wakiwa wamelala."

Alirudi jioni, akaiweka mashine juu ya kiti katikati ya chumba, si sakafuni wala karibu na dirisha.

"Mbona hapo?" Bi Siwatu akauliza.

"Kitanda cha mtoto kitakuwa na kimo gani?"

Akamwonyesha kwa mkono. Lukindo akaongeza mto chini ya mashine mpaka ikafika hapo hasa. Bi Siwatu akampenda papo hapo.

Mashine ilikaa kimya kidogo, kisha ikalia kama bata aliyekanyagwa. Lukindo akatoka nayo uani, ikanyamaza. Akairudisha, ikalia tena. Wakasimama barazani, Lukindo akamweleza bila kuzunguka: formalini inatoka kwenye gundi ya zile mbao za dari, mvuke mwingine, ule uliompa Kombo urafiki na kabati, ni wa vimiminika vya kuchanganyia rangi na vanishi. Dari itolewe. Madirisha yawe wazi mchana kutwa kwa wiki kadhaa. Halafu wapime tena.

"Na mjukuu wangu akilala humo sasa?"

Lukindo aliangalia vidole vya miguu yake. "Mapafu ya siku moja, Bibi. Wewe unayajua kuliko mimi."

Aliandika ripoti ya mistari mitatu. Mstari wa kwanza ulisema hewa ya nyumba hiyo ni ya hatari.

Ripoti ikaanza kupanda ngazi. Ghorofa ya pili wakafuta "hatari", kwa sababu neno hilo ni mali ya Wizara ya Ulinzi na haliazimwi bila kibali. Wakaweka "nguvu". Ghorofa ya tano, mkurugenzi aliona "nguvu" inanukia upinzani, akaweka "uwezo". Ghorofa ya saba wakajiuliza, hewa yenye uwezo, si hewa yenye mali? Na ilipofika ghorofa ya tisa, kwa waziri mwenyewe, ripoti ilisomeka hivi: "Hewa ya nyumba ya Bi Siwatu Mapande ni tajiri kwa viambato, haina mfano nchini, na mtoto atakayezaliwa humo atakuwa na bahati."

Waziri wa Hewa, Mheshimiwa Dokta Luhende Tambo, aliisoma akasimama. Miaka minne aliitafuta nyumba ya mfano.

Siku mbili baadaye Bi Siwatu alipata cheti chenye nakshi kilichoandikwa HEWA TAJIRI, DARAJA LA KWANZA, pamoja na barua. Waziri atakuja Alhamisi kuizindua hewa hiyo, moja kwa moja redioni. Mpaka hapo ni marufuku kuivujisha. Maofisa wanne wakafunga madirisha yote, wakayamiminia lakiri nyekundu, wakaondoka wakipepesuka na kushikana mikono.

Bi Siwatu alikaa kwenye kigoda uani, cheti mapajani. Kwa mara ya kwanza tangu aanze safari hii aliogopa. Si waziri aliyemtisha. Aliwahi kuona mtoto akizaliwa bluu, akahesabu sekunde mpaka alipolia, na zile sekunde hazikuwahi kumtoka. Akampigia Mwajabu simu, akamwambia asije kwanza.

"Mama, nimeshafungasha," Mwajabu akasema. "Na tumbo limeshuka."

*

Alhamisi msafara ukaja na ving'ora. Waziri alishuka: mtu mnene, suti ya kijivu, miwani ya jua. Nyuma yake katibu mkuu, wakurugenzi watano, mtangazaji wa redio ya taifa na kipaza sauti chake, na nyuma kabisa Lukindo, aliyeletwa na mashine yake ili, kama walivyosema, mashine ipongezwe.

Wote wakaingia sebuleni, wakaketi. Mkuu wa itifaki akafunga mlango mkubwa ili hewa isipungue heshima. Bi Siwatu akabaki kwenye mlango wa uani, ameuacha wazi kwa upana wa vidole viwili, pua yake imeelekea nje.

"Wananchi!" Mheshimiwa Tambo akaanza, na nchi nzima ikamsikia sokoni, kwa vinyozi, jikoni. "Wapo wasiolitakia mema taifa hili, wanaodai kwamba nyumba ikikarabatiwa ipimwe hewa. Ipimwe kwa nini? Je, mama yako unampima? Bendera unaipima? Mimi leo nimefunga madirisha, nimefunga mlango, na ninavuta!" Akavuta. Makofi yakapigwa. "Ninavuta tena!" Akavuta tena. Mashine ya Lukindo ikaanza kulia kwa nguvu zake zote.

"Mashine inashangilia!" mtangazaji akawaambia wasikilizaji.

Kulikuwa na joto. Waziri alifika ukurasa wa sita kati ya arobaini. Kwenye ukurasa wa saba alisita, akavua miwani, akaitazama hotuba yake kama mtu aliyeletewa chakula asichokiagiza.

"Hii nani kaiandika?" akauliza.

"Mimi, Mheshimiwa," katibu mkuu akasema, akaanza kucheka kwa sauti nyembamba. "Ila sijaisoma. Sijawahi kusoma kitu tangu nimeteuliwa. Najua tu kusaini!"

"Hata mimi!" mkurugenzi wa kwanza akapaza sauti kwa furaha ya mtu aliyepata ndugu. "Sijui hewa imetengenezwa na nini! Nilisomea ufugaji wa kuku!"

Wakakumbatiana. Wa pili akavua tai akamvika mtangazaji. Wa tatu alikuwa anaiomba feni msamaha kwa jambo la zamani. Redio ya taifa iliendelea kurusha, maana fundi mitambo alishapewa amri ya maandishi asikate hotuba ya waziri kwa sababu yoyote ile.

"Tulieni!" waziri akafoka, kisha naye kicheko kikamshinda. Kilianzia tumboni, kikapanda mabegani, kikamkalisha sakafuni. "Ndugu zangu... kiwanda cha Rangi ya Fahari... ni changu!" Akapiga sakafu kwa kiganja. "Yule kwenye kopo ni mimi! Nilivaa miwani! Na mnajua tunachanganyia nini? Hata mimi sijui! Yanakuja mapipa, hayana maandishi! Nyumbani kwangu mke wangu amekataa katakata, amepaka chokaa!"

Kicheko hicho kilisikika nchi nzima. Kwa vinyozi, wateja walisimama na nusu ndevu.

Bajaji ikasimama mbele ya nyumba. Bi Siwatu aliisikia kabla ya wote, na sauti iliyofuata aliijua kuliko ya redio yoyote: Mwajabu alikuwa anaguna, guno lile refu la chini.

"Mama," akaita kutoka nje, "amekataa kungoja."

Bi Siwatu hakufikiri tena habari za lakiri. Alichukua mchi, akapiga kitasa cha dirisha la kwanza, lakiri ikaruka vipande. La pili. La tatu. Akasukuma mlango mkubwa kwa bega. Upepo wa mchana ukaingia kwa kishindo, ukabeba kurasa thelathini na tatu za hotuba mpaka kwenye mwarobaini wa jirani.

"Nje wote!" akaunguruma kwa sauti ile ya wadi. "Tokeni nje mpumue!"

Wakurugenzi wakatoka wakiongozana kama bata. Waziri alibaki sakafuni, sasa amefifia, midomo imepauka, hacheki tena. Bi Siwatu akamkamata kwapani, Lukindo akashika miguu, wakamburuta mpaka barazani. Alipomwinamia, akaliona kovu dogo nyuma ya sikio la kushoto, alama ya koleo la kuzalishia.

"Kumbe ni wewe," akasema. "Mtoto wa Mama Luhende, kitanda namba nne. Siku ile nayo ulikataa kupumua."

Akamgeuza ubavu, akampiga mgongoni kwa kile kiganja kipana. "Pumua, baba. Pumua. Vuta... toa."

Mheshimiwa Dokta Luhende Tambo akavuta, akatoa, akalia kidogo. Kipaza sauti kilikuwa bado kimening'inia shingoni mwa mtangazaji, kwa hiyo hilo nalo taifa lilisikia.

"Sasa nipe gari lako," Bi Siwatu akamwambia.

Alikuwa hana nguvu za kukataa. Mwajabu akapakiwa kwenye gari la waziri, kichwa mapajani mwa mama yake, ving'ora vikalia kwa mara ya kwanza kwa jambo lenye haraka, na saa moja na nusu baadaye, katika hospitali ya wilaya yenye madirisha mapana yasiyo na vioo, alizaliwa mtoto wa kike. Alilia kabla hajatoka mabega. Bi Siwatu, aliyekuwa amejiandaa kuhesabu sekunde, hakupata hata moja ya kuhesabu. Alikaa kwenye benchi la korido akalia yeye.

*

Mnaweza kudhani waziri alifukuzwa. Haikuwa hivyo. Kosa lake, ilielezwa, halikuwa rangi bali kusema ukweli bila kibali, na kwa kosa hilo alihamishiwa Wizara ya Maji. Tangu hapo maji yote ya nchi ni safi. Kiwanda kilifungwa kwa muda usiojulikana, kikafunguliwa kwa jina jingine, kikafungwa tena wananchi walipoanza kupeleka makopo yao wizarani kwa maandamano. Lukindo alitolewa chini ya ngazi. Alipewa mashine mbili zaidi, na kila mtaa ukawa unamwita, kwa sababu hakuna tena aliyekubali kuhamia kwenye nyumba mpya kabla bata wake, ile mashine, hajanyamaza.

Fundi Kombo, kichwa kikiwa kimetulia, aliitoa dari yote ya Bi Siwatu na lile kabati akalitupa, akapaka kuta chokaa. Madirisha yakakaa wazi mchana kutwa, wiki tano, Mwajabu na mtoto wakiishi kwa jirani. Siku ya arobaini Lukindo alikuja, wakafunga kila kitu kwa saa nane, akaiweka mashine kwenye kimo cha kitanda. Wakasimama wote wanne, yeye, Bi Siwatu, Mwajabu na Fundi Kombo, wakiitazama. Haikutoa hata kwi.

"Mlete," Lukindo akasema.

Mtoto akalazwa kwenye chumba chake, akanyoosha mikono, akalala. Bi Siwatu alikaa ukingoni mwa kitanda akisikiliza zile pumzi ndogo zikiingia na kutoka, na kwa muda mrefu hakutaka kufanya jambo jingine lolote duniani.

Nje mawingu yalikuwa yamekusanyika. Tone la kwanza likapiga kizingiti cha dirisha, kisha mengi. Akainuka kufunga dirisha.

"Usifunge, Mama!"

Karani mwembamba wa wizara alikuwa amesimama upande wa pili wa dirisha, amelowa, daftari mkononi.

"Kuna sheria mpya," akasema kwa unyenyekevu. "Imepita jana kabla ya chai. Madirisha yote nchini yawe wazi, usiku na mchana, kiangazi na masika. Ninakagua mtaa huu. Ukifunga, itabidi niandike."

Mvua ikaingia, ikadondoka nusu hatua kutoka kwenye kichwa cha mtoto.

"Mjukuu wangu amelala," Bi Siwatu akamwambia kwa sauti ya chini.

Akalifunga taratibu, asimwamshe. Kupitia kioo alimwona karani akijaribu kuandika, wino ukimtiririka vidoleni, mpaka akakata tamaa akatia daftari shatini. Bi Siwatu akaenda mlangoni, akaufungua.

"Ingia ndani, baba," akamwita. "Vua viatu. Humu unaweza kupumua."